Gitaa la Nyuzi za Breki

Enzi zetu kule Mtawanya, mtoto akitaka kitu kinacholia alikitengeneza mwenyewe. Sisemi zamani sana. Mimi bado kijana, hata ndevu zenyewe zinaota kwa kubembelezwa. Lakini ukikaa na wadogo zetu wa leo, ambao gitaa kwao ni nyuzi zilizochorwa kwenye kioo cha simu, unajikuta unaanza maneno kama mzee.

Tuliokua pamoja mtakumbuka. Tukitoka shule tulivua viatu na kuvishika mkononi ili visiishe. Msimu wa korosho ukifika, kila uani kulikuwa na moshi ule unaokereketa koo, na sisi tulikula mabibo mpaka mashati ya shule yakawa na madoa yasiyosikia sabuni. Bibi alikuwa akisema, "Doa la bibo utazikwa nalo." Mchana ilikuwa mihogo ya kuchemsha na chumvi, wakati mwingine na kipande cha papa mkavu. Jioni tulicheza kombolela, mpaka uitwe kwa jina lako kamili, na hapo ulijua ukichelewa kuna fimbo.

Na karibu kila mvulana alikuwa na gitaa la galoni. Galoni tupu ya mafuta, ubao, misumari ya kukazia, na nyuzi za mshipi wa kuvulia. Wetu uliletwa na mjomba, aliyekuwa akivua upande wa mdomo wa Ruvuma. Mshipi ukichakaa kiasi cha kutoaminika kwa samaki, ulikuwa bado mzima kwa muziki. Mnene ulikuwa besi, mwembamba ulikuwa wa juu. Hakuna aliyetumia kitu kingine, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Gitaa lilikuwa mshipi, kama chai ilivyo sukari.

Mimi nililelewa na Bibi, mama yake mama, pamoja na Shaibu, mtoto wa mama mdogo. Tulilala kitanda kimoja na tulikuwa darasa moja. Shaibu alizaliwa akiwa na maneno yake na ya kwangu pia. Mimi nikiulizwa swali darasani nilisimama, nikainamisha kichwa, nikajibu ndani ya kifua changu. Mwalimu wetu wa darasa la saba, Mwalimu Mlowe, mama mmoja wa Njombe aliyesema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, siku moja alichoka.

"Ismaili, mimi niko hapa mbele. Wewe unaongea na vifungo vya shati. Vimekujibu?"

Darasa likacheka, na tangu siku hiyo jina langu likawa Vifungo.

Pale shuleni kulikuwa na desturi kwenye mahafali. Kila mhitimu alipanda jukwaani mbele ya wazazi, akashika maiki, akataja jina lake na anachotaka kuwa. Kwa wengine lilikuwa jambo dogo. Mimi niliota maiki ile tangu nilipoingia darasa la sita. Mwaka mmoja mtoto alishindwa kusema, akalia pale pale mbele za watu, na leo ni mtu mzima mwenye duka lake, lakini bado kuna wanaomkumbusha.

Nilimtuma Shaibu akaniombee ruhusa ya kutopanda. Mwalimu Mlowe alimsikiliza, kisha akaniita mimi.

"Kupanda utapanda. Bibi yako atakuja na kitenge kipya, akuone umeketi chini kama mzigo? Kama husemi, fanya kitu. Unaweza nini?"

Nikaviambia vifungo: gitaa.

"La galoni? Uwanja mzima utalisikiaje? Sikia. Ijumaa kabla ya mahafali nataka nilisikie likitoka kwenye spika. Likitoka, utapiga. Lisipotoka, utashika maiki kama wenzako."

Basi hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye mambo ya umeme.

Mtaa wa Rahaleo alikuwepo fundi redio mmoja tuliyemwita Fundi Bakari, mtu wa utani, ambaye kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Tulimweleza. Akasema tunachohitaji kinaitwa pikapu, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye redio. Bibi aliposikia tunabishana nyumbani ni pikapu gani tuchukue, aliuliza tutaiegesha wapi.

Fundi alitupa vitu vya kujaribu. Cha kwanza kilikuwa kile kispika kidogo cha kwenye simu mbovu ya mezani. Tulikibandika kwenye ubao kwa gundi, tukachomeka kwenye tundu la maiki la redio kaseti ya Bibi. Kilisikia kila kitu: mkono ukipita kwenye ubao, kuku akiparua, Shaibu akimeza mate. Ukiongeza sauti kidogo kilipiga yowe mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Cha pili kilikuwa kile kisahani cha shaba kinacholia kwenye saa ya kengele. Hicho hakikupiga yowe, ila gitaa lilitoa sauti kama kijiko kwenye sahani ya bati. Shaibu alikipenda kwa sababu hakikuhitaji kazi. Mimi sikukipenda. Kama nitapanda jukwaani badala ya kusema, nilitaka kitu kinachosema vizuri kuliko mimi.

Fundi akasema, "Basi mtafunga koili. Sumaku na waya. Hiyo haisikii kuku, inasikia nyuzi tu. Lakini ni kazi ya mtu mwenye subira."

"Subira tunayo," akasema Shaibu, ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Tulivunja sumaku ya spika iliyoungua. Tukakata vipande viwili vya plastiki kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, tukasimamisha misumari mifupi minne katikati, mmoja kwa kila uzi, na sumaku ikakaa chini ya misumari. Waya tuliutoa kwenye transfoma ya redio iliyokufa, waya wa shaba mwembamba kama unywele wa mtoto. Baiskeli ya jirani tuliigeuza miguu juu, tukafunga kidude chetu kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Shaibu alizungusha pedali na mimi nikauongoza waya kwa vidole. Ukiukaza sana unakatika, ukiulegeza unajikunja. Tulianza kuhesabu mizunguko, Shaibu akaanza kuimba, hesabu ikapotea. Tukasema utatosha utakapojaa.

Waya ule una ngozi ya rangi ambayo lazima uikwangue kwa wembe, taratibu, kabla ya kuweka lehemu, la sivyo umeme haupiti. Hilo Fundi alitufundisha mapema, akatukwangulia ncha moja tuone. Ubao wa gitaa ulikuwa wa mkorosho, mzito. Shimo la nyaya halikupendeza, kwa hiyo nililifunika kwa bati nililolikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, lenye picha ya jogoo. Jogoo alikaa karibu kabisa na koili, na nilijivunia sana usafi wa kazi ile.

Kisha tukafunga nyuzi. Mshipi mpya, ambao mjomba aliutoa kwa moyo mweupe aliposikia habari ya mahafali.

Tukachomeka. Redio ikanguruma. Shaibu akaruka, "Limewaka!" Nikapiga uzi wa kwanza. Redio ikaendelea kunguruma vilevile. Nikapiga zote. Uzi uliruka, mkono ulihisi, sikio la karibu lilisikia *tu* ndogo ya ubao. Kwenye redio, hakuna.

Tulidhani waya umekatika ndani. Tukaufungua wote, tukaufunga upya. Hakuna. Tukadhani lehemu haijashika. Tukakwangua tena na kulehemu tena, na vidole vyangu vikanuka moshi wa lehemu hata nikila. Hakuna. Tukageuza sumaku. Shaibu akasema nimeua koili kwa kuikaza, mimi nikamwambia yeye ameiua kwa kuimba, tukakaa kutwa nzima bila kusemeshana, jambo ambalo kwangu lilikuwa la kawaida ila yeye lilimtesa kama njaa. Fundi Bakari alikuwa amesafiri kwenda kwenye msiba Newala. Shuleni Mwalimu Mlowe alipita kwenye dawati langu.

"Vipi, Vifungo? Au nikuandalie maiki?"

Nilirudi nyumbani nikalaza gitaa kwenye mkeka uani, likiwa limechomekwa, na sikutaka hata kulitazama. Nilikuwa nikijaribu kusema kimoyomoyo: Naitwa Ismaili Saidi. Hata kimoyomoyo ilitoka ndogo.

Bibi alikuwa akibangua korosho. Mnajua ubanguaji wa nyumbani: korosho iliyokaangwa unaisimamisha kwenye jiwe, unaigonga kwa kichuma, ganda linapasuka, unachomoa kiini kizima. Bibi alikuwa na kichuma chake kifupi, kimeng'aa kwa miaka ya mkono, na alipogonga aliimba chini chini wimbo usio na maneno, pigo moja kila mstari. Gitaa lilikuwa limelala mahali anapowekea ungo.

"Mume wangu," akaniita, maana ndivyo alivyowaita wajukuu zake wa kiume, "ondoa pikapu yako, inazuia njia."

Sikuinuka. Akalisukuma mwenyewe, kichuma kikiwa mkononi. Kichuma kikapita juu ya koili.

Redio ikasema *ngwaa*.

Bibi akarudisha mkono kama aliyeungua. Mimi nikasimama. Shaibu, aliyekuwa amenuna mlangoni, akasahau kununa.

"Bibi, rudia!"

"Nirudie nini? Limenifokea."

"Pitisha tena hicho kichuma!"

Akapitisha, kwa mbali, kama mtu anayemgusa ng'ombe asiyemjua. *Ngwaa.* Akagonga hewani karibu na misumari, na kila alipopita redio ilijibu. Nikaweka kidole changu: kimya. Nikaweka kijiti: kimya. Kisu cha jikoni: *ngwaa*. Shaibu akashika uzi wa mshipi, akauvuta, akauachia. Kimya.

Tukatazamana. Sumaku. Tangu lini sumaku ikashika mshipi? Tulikuwa tumecheza na sumaku tangu tukiwa na kamasi, tukizoa misumari mchangani, na kila mmoja wetu alijua inashika chuma tu. Lakini gitaa lilikuwa mshipi. Kile kidude kilikuwa kizima siku zote, kimefungwa na kufunguliwa bila kosa lake. Sisi ndio tuliokipa nyuzi kisizoweza kuzisikia.

Bibi alicheka mpaka akaweka kichuma chini. "Watoto wa pwani nyie. Hata redio mnaitegea kwa mshipi."

Tulikimbia kwa fundi baiskeli karibu na msikiti. Kwenye kopo lake la takataka kulikuwa na nyaya za breki zilizochakaa. Waya wa breki ukiufungua una nyuzi nyingi nyembamba za chuma ndani yake. Moja peke yake ilikuwa uzi wa juu, mbili zilizosokotwa zikawa wa pili, tatu zikawa wa tatu, na kwa besi tulisokota nne. Vidole vilitoka damu, maana ncha zake zinachoma kama miiba ya ndimu. Tulipofunga na kuchomeka, nikapiga uzi mmoja tu. Sauti iliyotoka kwenye redio ya Bibi ilikuwa nene na ndefu, ikakaa hewani, na kuku wakasimama.

Yalibaki mambo madogo. Ule mngurumo ulikuwa bado upo. Fundi Bakari aliporudi alisema tufunge waya kutoka kwenye chuma kinachoshika nyuzi hadi kwenye upande wa nje wa plagi. Tukafanya. Tangu hapo, mkono ukiwa kwenye nyuzi lilitulia, ukiondoa mkono lilinguruma. Jambo la pili lilikuwa Shaibu kupiga chafya karibu na gitaa, na redio nayo ikapiga chafya.

Fundi alipokwisha kucheka alisema, "Koili yenu imelegea, na huyo jogoo wenu wa bati anatikisika kama ngozi ya ngoma. Anapeleka kila anachosikia. Yeyusheni mshumaa, mwagieni nta humo ndani, kila kitu kikae kimya."

Lakini mshumaa nyumbani ulikuwa mmoja, na umeme siku zile ulikatika ukijisikia. Bibi alikataa katakata. "Mshumaa ni wa giza, si wa jogoo." Tukauacha. Uwanjani, tukasema, nani atapiga chafya karibu yangu?

Ijumaa tulibeba redio na gitaa hadi shuleni. Mwalimu Mlowe alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa amekunja mikono. Nilipiga kidogo. Hakusifu. Alisema, "Jumamosi uje umepiga pasi," nikajua nimepita.

Siku ya mahafali palikuwa na turubai, viti vya kukodi, pilau iliyonukia tangu asubuhi na spika mbili ndefu kuliko mimi. Bibi alikaa safu ya mbele na kitenge kipya chenye ukakasi bado wa dukani. Wenzangu walipanda mmoja mmoja. Mimi ni fulani, nataka kuwa daktari. Mimi ni fulani, nataka kuwa rubani. Shaibu alitaka kuwa mbunge, na alisema mengi hata akanyang'anywa maiki.

Nikaitwa. Kijana wa muziki akachomeka waya wangu, na spika zote mbili zikanguruma kama lori, watu wakaziba masikio. Kisha nikaweka mkono kwenye nyuzi, mngurumo ukakatika, na uwanja mzima ukanitazama. Nisingeweza kuondoa mkono. Kwa hiyo nikapiga.

Nilipiga ule wimbo wa Bibi wa kubangulia korosho. Sikuujua mwingine kwa uhakika. Besi ilikuwa kichuma, nyuzi za juu zilikuwa yeye. Niliurudia mara kadhaa kwa sababu sikujua unaishia wapi, maana Bibi huishia ungo unapojaa. Kina mama walioujua wakaanza kuupiga kwa viganja. Nikasikia kigelegele kimoja na nikajua ni cha nani, lakini sikuinua kichwa.

Nilipomaliza wakapiga makofi. Nikageuka nishuke, mkono bado kwenye nyuzi.

"Ngoja!" Mwalimu Mlowe alikuwa upande wa pili wa jukwaa, maiki mkononi. "Umepiga vizuri. Hukutaja jina."

Akaanza kuja na maiki. Nilifanya nilichokuwa nikifanya siku zote. Nikainamisha kichwa nikaviambia vifungo.

Ila mbele ya vifungo alikuwepo jogoo.

"Naitwa Ismaili Saidi," zikasema spika mbili. Sauti ilikuwa nyembamba, ya bati, kama ya mtu aliye ndani ya debe, lakini ilifika hadi kwa wapishi wa pilau. Niliisikia ikirudi kutoka kwenye ukuta wa madarasa. Mwalimu Mlowe akasimama alipokuwa, akaitazama maiki yake, akanitazama mimi. Kisha akaishusha.

"Na unataka kuwa nani?" akauliza, polepole safari hii.

Sikujua. Nilisema kitu pekee nilichokijua. "Nyuzi ni za breki ya baiskeli."

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka, na kicheko changu nacho kikatoka kwenye spika. Ndiyo mara ya kwanza nilijisikia nikicheka mbele za watu. Sikuwa na sauti mbaya.

Sikuendelea na shule baada ya pale. Leo natengeneza simu kwenye kibanda Rahaleo, na wateja wangu wengi ni watoto waliozivunja kwa kucheza. Mpwa wangu aliposhika lile gitaa juzi, alilizungusha lote akitafuta mahali pa kuchajia. Nikamwambia nyuzi zake ni za breki. Akauliza, "Anko, kwani lilikuwa linakimbia?" Yeye ana gitaa kwenye simu, safi, halinuki lehemu, halimchomi mtu vidole. Piga uzi, sauti inatoka, kila siku ileile. Sina ubaya nalo. Ila halikumtaka akae uani siku nzima na mwenzake, wakosee pamoja.

Mishumaa ninayo mingi sasa. Mara moja niliyeyusha mmoja, nikakaa na kopo la nta ya moto mkononi, koili iko wazi mbele yangu. Nta ikaganda kwenye kopo.

Bibi habangui tena. Korosho zinakwenda kwenye mashine, na mikono yake imechoka. Sauti yake imekuwa ndogo, ndogo kuliko yangu ya darasa la saba. Jioni nikipiga anakaa karibu kwenye mkeka. Nikiinuka kwenda ndani, namwachia gitaa mapajani likiwa limechomekwa, na yeye ameshajifunza kuweka mkono kwenye nyuzi lisingurume. Basi nikiwa jikoni nasikia redio ikiniita kwa sauti ya bati:

"Mume wangu. Chai."